Mume na Mke Hawatenganishwi

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Kiti Kimoja,

Barua yako nimekabidhiwa na rubani mwenyewe, imekunjwa ndani ya kofia yake. Huku hatujambo. Wewe na wifi nawaombea afya, na watoto wako waache kunikulia haraka hivyo.

Mama ametoka hospitali. Daktari anasema vyuma vimekaa vizuri kwenye nyonga, ila mguu wa kulia haukunjiki, na huenda usikunjike tena. Amepewa gongo la kutembelea, na gongo hilo amelibatiza "mkwe", kwa kuwa anasema ndilo la kwanza nililomletea nyumbani. Anatembea kutoka kitandani hadi dirishani, anatazama ukuta wa jirani, anarudi. Jana kaniuliza kwa nini nalipia kodi dirisha lisiloonyesha kitu.

Anataka kwake. Anaanza asubuhi kabla sijapiga mswaki: narudi lini? Daktari kasema akishapona kidonda anaweza kusafiri, lakini kwa ndege tu. Ile barabara ya kwenu, siku mbili za mashimo, itafumua kila alichokishona. Kwa hiyo tumshukuru Mungu kwa kile kindege chenu kidogo.

Kuhusu kazi, usiniulize. Tumeletewa mfumo mpya wa kukatia nafasi za ndege. Zamani nilikuwa naangalia kiwambo, nakiona kiti, nakiuza. Sasa kiti kimoja kina bei saba, na bei hupanda na kushuka zenyewe wakati abiria bado anatafuta miwani. Tena mfumo unabashiri nani atakata tiketi asitokee, kisha unauza kiti chake kwa mwingine kabla hajakosa kutokea. Sisi ofisini tunauita Mpiga Ramli. Wakubwa hawajui jina hilo, na usilitaje kwenye teleksi, maana teleksi zako husomwa na ofisi nzima. Ndiyo maana nakuandikia hivi. Waya wa simu wa huko tangu mafuriko umelala chini, na hata ungesimama, simu ya jirani ninayotumia iko hatua chache kutoka masikio ya Mama.

Dada yako

*

Tarehe 26 Februari

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpe Mama, mwambie nyumba yake inamsalimu. Chumba chake nimekipaka rangi. Wifi yako alichagua, mimi nikabeba lawama. Makaburini nilikwenda Ijumaa nikang'oa majani kwa baba. Pako safi.

Huyo Mpiga Ramli wenu kanichekesha mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Laiti angemjua baba! Mtu aliyekata tiketi ya kila safari na hakuna safari aliyofika kwa wakati. Unakumbuka kituo cha basi? Tumeshakaa, mizigo iko juu, dereva kawasha injini, baba "anakwenda kununua gazeti mara moja." Konda anafoka. Na Mama, bila hata kupandisha sauti, anashuka ngazi moja na kuweka mguu wake mlangoni. "Haliondoki. Mwenzangu anakuja." Watu wazima wamekaa kimya kama wanafunzi. Halafu baba anatokea kwa mbali akitembea, wala hakimbii, anasoma ukurasa wa mbele.

Hapa kwenye duka langu la tiketi mambo ni yaleyale. Bado wananiita Kiti Kimoja, kwa sababu kila anayekuja amefiwa au mkewe ana uchungu, namwambia kimebaki kiti kimoja, na kweli kinakuwapo. Nakipata wapi, hiyo ni siri ya biashara. Usinihoji.

Nasikia tetesi kwamba kampuni inatazama upya safari zake. Wewe uko jikoni. Kuna nini?

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Nimekawia kukujibu, najua. Mama anaendelea vizuri. Kidonda kimefunga. Anakula, anagombana na redio. Asubuhi nyingine namkuta ametandika kitanda pande zote mbili, mito miwili, kama nyumbani. Mazoea tu.

Tetesi zako ni za kweli. Tumeletewa mtu wa mikakati, kijana wa suti nyembamba, anakunywa maji ya moto matupu. Katuita chumba cha mikutano akatuonyesha ramani ya safari zetu kwenye ukuta. Zenye faida zimepakwa kijani. Ya kwenu ni nyekundu, tena nyekundu ya kutisha. Alisema ndege ndogo zitahamishwa kwenda miji miwili mikubwa, ziende na kurudi kutwa nzima, kwa kuwa ndege iliyo ardhini ni hasara. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kule hakuna barabara ya maana. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kama wanaihitaji ndege, mbona hawapandi?" Akanionyesha kiwambo. Kwa mujibu wa Mpiga Ramli, safari yenu ndiyo yenye abiria wengi kuliko zote wanaokata nafasi na wasitokee. Kila safari wapo.

Safari ya mwisho ni tarehe 30 Juni. Bado ni siri, itatangazwa mwezi ujao.

Mama anapaswa kuwa ndani ya ndege hiyo au nyingine kabla yake. Ikipita, sijui atarudije.

Nikuambie kichekesho kimoja ili tusilie. Huyo Mpiga Ramli asiye na huruma ana amri moja ya kibinadamu ndani yake, sijui nani aliiweka. Anaweza kumtenganisha mama na mwanawe, bosi na karani wake, lakini mume na mke waliokata nafasi pamoja hawatenganishi kamwe. Akiwapa viti, vinakuwa viwili ubavu kwa ubavu.

Dada yako

*

Tarehe 15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wote wazima hapa, isipokuwa mimi.

Mwambie huyo mnywa maji ya moto aje akae dukani kwangu siku moja. Watu wa hapa hawakati nafasi mwezi mmoja mbele. Nani anajua mwezi mmoja mbele atauguliwa na nani? Wanakuja kiwanjani na mzigo kichwani, wananikuta mimi, nami nawapandisha. Ndege inajaa! Rubani shahidi. Kwenye kiwambo chenu mnaona majina, mimi huku naona watu.

Na hao wasiotokea ulionitajia... basi. Yaache.

Je, hatuwezi kukodi gari kubwa, tukaweka godoro nyuma, Mama akalala njia nzima? Nitakuja mwenyewe kumfuata. Muulize daktari. Nimekwisha kuongea na mwenye gari.

Wifi yako anauliza kwa nini barua zako siku hizi zinamsema Mama kwa mstari mmoja. Nimemwambia una kazi nyingi.

Mdogo wako

*

Tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Nimemuuliza daktari habari za gari. Alicheka. Kisha akaona sicheki, akaniomba radhi, akasema hapana.

Sasa nisikilize kwa makini. Ameandika cheti: Mama anaruhusiwa kuruka ikiwa tu mguu umenyooshwa juu ya kiti cha pili. Bila viti viwili rubani hatamchukua. Nikajaribu kumkatia viti viwili. Mfumo ukafuta kimoja. Nikarudia, ukafuta. Jina moja kiti kimoja, haujui kitu kinachoitwa mguu. Nilikwenda kwa mkubwa wangu, akanipeleka kwa mtu wa mikakati, naye akanipeleka kwa fundi wa mitambo, fundi akasema mfumo umefungwa na waliotuuzia, na wao wako nje ya nchi. Miaka yote hii nauza viti, na leo siwezi kumpa mama yangu mzazi mahali pa kuweka mguu!

Tangazo limeshatoka na safari za Juni zinajaa kwa kasi, kila mtu anawahi. Kata wewe huko, upande wa mawakala, bado mna mgao wenu. Mwandike Mama, na jina jingine lolote la mtu mzima pembeni yake. Huyo wa pili hatakuja, kiti chake kitakuwa cha mguu. Usichelewe.

Mama ananiuliza mambo mengi siku hizi. Tutaongea.

Dada yako

*

Tarehe 2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na pumua. Nimekata! Safari zote za kabla zimejaa, lakini kwenye ile ya mwisho nimepata viti viwili vya mbele kabisa, pembeni kwa pembeni, na hakuna wa kuvitenganisha. Kwa nini? Kwa sababu uliniambia mwenyewe: mume na mke. Nimeandika Mama na baba.

Usinune. Nimetafuta jina lingine lenye kuweza kukaa karibu na la Mama, sikulipata. Halafu nikuambie na hili, kwa kuwa wewe si mgeni. Jina la baba halijapumzika tangu alipotutoka. Kile kiti kimoja ninachokuwa nacho siku zote ni chake. Kila safari namwandika yeye, akija mwenye shida nalifuta jina, nauza. Asipokuja mtu, ndege inaondoka, na baba anahesabiwa kuwa amechelewa. Niliona anastahili, mzee wa watu.

Nimetengeneza kiti cha mikono cha kumbebea kutoka kwenye ndege. Wifi yako amekijaribu, amesema kinafaa, tena hakutaka kuteremka.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Ungetafuta jina jingine.

Sasa haliwezi kubadilishwa. Ukifuta jina kwenye safari iliyojaa namna ile, kiti kinachukuliwa kabla hujainua kidole. Nimejaribu kufikiria njia. Hakuna. Acha iwe hivyo hivyo.

Mama hajambo. Ameshafunga mzigo wake, ameufungua, ameufunga tena. Nimemwambia siku.

Siku hiyo ni zamu yangu juu, chumba cha nafasi. Niliomba ruhusa nikakatazwa, safari imeuzwa kupita viti vyake. Labda ni vizuri. Nikiwa juu naweza kuvilinda viti hivyo viwili.

Dada yako

*

Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii inakuja kwa basi, kwa hiyo itakapokufikia utakuwa umeshasimama kiwanjani, umeshaona, na umeshaniuliza moyoni kila swali. Nitakuandikia yote kwa mpangilio. Nikiacha kidogo tu sitaweza kuendelea.

Asubuhi nilimvalisha Mama lile gauni la bluu. Nilimkabidhi kwa dada wa mlangoni, yule mwenye sauti ya redio, rafiki yangu wa siku nyingi. Nikamweka kwenye kiti cha magurudumu karibu kabisa na mlango wa kuondokea, gongo lake mkwe mapajani. Nikambusu, nikapanda juu.

Kwenye kiwambo mambo yalikuwa mabaya. Mpiga Ramli anamfahamu baba kuliko tulivyomfahamu sisi. Miaka yote hiyo ya kutotokea ameihifadhi. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba abiria huyu haji na kwamba mkewe, kwa kuwa hawatenganishwi, haji pia. Viti vyao vyote viwili alikuwa ameviuza, na walionunua walikuwa chini kwenye foleni. Njia ilikuwa moja. Nikamsajili Mama kuwa amefika, na nikamsajili baba kuwa amefika. Nikatoa pasi zao za kupandia. Nikafunga viti vyote viwili kwa neno langu la siri ili mtu yeyote asivipate. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilipiga meza kwa kiganja.

Sasa wewe na mimi ni watu wa kazi hii, na hili tulilijua. Abiria asiyefika kaunta hatafutwi na mtu. Lakini aliyesajiliwa halafu haonekani mlangoni, huyo lazima aitwe. Ni sheria. Nililijua tangu siku yangu ya kwanza kazini, na asubuhi ile halikunijia kabisa.

Nilikuwa naandika kitu kingine niliposikia kipaza sauti cha darini. Jina la baba, sehemu zake zote tatu, kwa ile sauti nzuri. Abiria fulani bin fulani, anaombwa afike mlangoni mara moja, ndege inamsubiri. Nilisimama. Likaitwa tena. Tangu tumzike sikuwahi kusikia mtu akilitamka kwa adabu namna ile.

Na hapa nikuambie nililokuficha tangu Machi. Mama anasahau kuwa baba amekufa. Si siku zote. Asubuhi huwa anajua, na analia kidogo, na tunaendelea. Jioni huniuliza mbona anakawia. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli, na kila mara anafiwa upya, mbele yangu, kwa uso uleule. Nikaacha. Nikawa nasema anakuja. Sikukuandikia kwa kuwa nilidhani akifika kwake, akaliona kaburi na kuta zake, atatulia. Nilidhani hilo ni la huko, si la barua. Kama ningekuandikia mstari mmoja tu, usingetumia jina lile.

Nilishuka ngazi mbio. Viatu vilinivuka. Rafiki yangu alinisimulia baadaye. Walikuwa wanamsukuma Mama kuelekea kwenye ndege jina lilipoitwa. Aliinua kichwa. Akasema, "Simamisheni." Wakadhani anaumwa. Akasimama, peke yake, kwa mkwe, na ule mguu wake usiokunjika akaunyoosha katikati ya mlango wa kioo. Akawaambia bila kupandisha sauti: "Haiondoki. Mwenzangu anakuja. Amekwenda kununua gazeti."

Walimbembeleza. Walimwambia mama, panda, atakufuata. Akawacheka. Mlango ule hufungwa na mtambo, saa ikifika unalia, na mguu wa Mama ukiwa katikati ulikuwa unafunguka na kujifunga, kufunguka na kujifunga. Mlinzi alimwinua tu, kwa upole, akamrudisha kwenye kiti, muda wa kupanda ukiwa umekwisha. Nilipofika, ngazi ya ndege ilikuwa imeshaondolewa. Niligonga kioo. Rubani wetu, yule wa kofia, aliniona, nikaona ameniona, akageuza uso.

Na viti vile viwili nilivyovifunga, hapakuwa na aliyeweza kuvifungua ila mimi, na mimi nilikuwa chini. Watu wenye tiketi waliachwa wanatukana. Viliruka vitupu.

Mama alinishika mkono njia nzima ya kurudi. Hakulia. Alikuwa na amani kabisa. Jana usiku alifikiri kidogo akaniambia: "Kama hakutokea mlangoni, basi huyo alishatangulia. Ndivyo alivyo. Mwandikie mdogo wako umuulize kama baba yako amefika salama."

Ananiuliza kila siku kama umejibu. Nimwambieje?

Dada yako

*

Tarehe 12 Agosti

Dada yangu,

Barua yako imefika jana, imelala vituoni zaidi ya wiki tano, imelowa. Shikamoo. Wifi yako anakusalimu, hawezi kuandika sasa hivi.

Nilikuwa kiwanjani na kile kiti cha mikono, na watoto wamevaa vizuri. Abiria walishuka hadi wa mwisho. Nikapanda mwenyewe kuangalia ndani, rubani akanipisha. Vile viti viwili vya mbele vilikuwa na mikanda imefungwa, kama mlivyoviandaa. Nikakaa kimoja. Sijui kwa nini. Nikaambiwa niteremke, ndege inaondoka.

Duka nimelifunga. Sina tena kiti cha kumpa mtu. Juzi alikuja mwanamke mwenye mtoto mgonjwa akasimama dirishani, akasema, "Kiti Kimoja, nisaidie." Nikamwonyesha barabara.

Hukukosea peke yako, kwa hiyo usijichukulie lote. Kama ungeniandikia, nisingetumia jina lile. Kama ningekuambia mapema ninalifanyia nini jina la baba, ungenikataza. Hayo tumeshayasema, hayamleti mtu.

Nimekaa na swali lako toka jana. Mwambie amefika. Mwambie amefika salama, alikuwa na gazeti mkononi, na chumba amekipenda rangi yake.

Ila sijui, dada, ukishamwambia hivyo, utamjibu nini kesho yake asubuhi, atakapofunga tena mzigo na kukuambia kwamba naye sasa anataka kumfuata.

Mdogo wako